Geti la Nyaboke

Sosiot, Kericho

Mama yangu Nyaboke,

Natumaini karatasi hii inakukuta umeketi kivulini, si umeinama kwenye migomba, ingawa nakujua. Magoti yanasemaje siku hizi za mvua? Na lile sikio la kushoto, bado linavuma? Mimi ni mzima. Vidole vimepasuka kwa majani ya chai na mgongo unanikumbusha umri wangu kila asubuhi, lakini nakula, nalala, naamka. Mdogo wangu Moraa aliniambia kwa simu kikohozi chako kimepungua, nikamshukuru Mungu. Akaniambia pia kwamba hunywi uji mpaka ulazimishwe, na hapo sikumshukuru mtu.

Najua utajiuliza kwa nini siku hizi za simu mtoto wako anaandika barua kama watu wa zamani. Mama, kwa simu tunapigiana kelele tu. Nikikuuliza habari za magoti unanijibu habari za kuku. Na jambo nililo nalo leo halifai kupigiwa kelele. Nataka ulisome polepole, na ukitaka ulirudie. Naandika Kiswahili kwa sababu wewe mwenyewe, mwalimu wa chekechea wa miaka yote ile, ulisema Ekegusii changu cha kuandika kinaaibisha ukoo mzima. Basi vaa miwani.

Watu husema huku si mbali na kwetu. Ni kweli, ukisimama juu kwa Mama Chebet asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya upande wetu. Lakini mtu aliyefungwa na kazi, hata kwa jirani ni mbali. Tangu tumzike Momanyi sijapata nafasi ya kurudi. Mvua ikinyesha hivi majani yanakimbia kukua, na Mama Chebet, ambaye ndiye mwenye shamba ninalochuma, hana mtu mwingine wa kumsaidia. Ni mama mzuri. Ananiita mtoto wake wa Kisii na kunipa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye mkaa, na mpaka leo nayanywa nikiwa nimefumba macho.

Sasa niingie katika habari yenyewe. Siku ile ya mazishi, wageni walipokwisha kwenda na viti vya kukodi vikapakiwa, ulinishika mkono nyuma ya jikoni ukaniuliza, "Kerubo, wewe uliishi naye. Ndugu yako alikufa akiwa na hasira na mimi?" Nilijifanya nafunga mzigo. Na nikwambie ukweli, mama, mimi mwenyewe nilikuwa na hasira na wewe, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo itatoka yote.

Sote tunaikumbuka siku aliyoacha chuo cha ualimu akarudi na sanduku lake. Wewe ulisimama ndani ya geti, yeye nje. Ulimwambia, "Mkono mtupu haulambwi. Rudi ukiwa na cheti." Hukufungua. Akageuka na sanduku lake, akanifuata huku, na hakukanyaga kwetu tena mpaka alipoletwa. Na alipoletwa, gari la maiti lilikuwa pana, kwa hiyo vijana wakaling'oa geti wakalilaza kwenye nyasi. Nililiona pale chini nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Huku Momanyi alichuma chai kama mimi, lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine. Kuna mzee Mkikuyu tunayemwita Baba Wairimu, anauza balbu na nyaya za stima hapa sokoni, na nyuma ya duka ana kibanda cha mabati anapoonyesha picha. Picha zenyewe ni za Kichina na Kihindi na lugha nyingine za watu, kwa hiyo lazima kuwe na mtafsiri. Mtafsiri anasimama kando ya televisheni na maiki, anawaeleza watu kinachosemwa, na pale asipoelewa anatunga. Waigizaji anawapa majina ya hapa hapa. Jambazi mkuu anaweza kuitwa Chifu, na watu wanacheka mpaka mabati yanalia. Shujaa wa picha wanamwita akta, mbaya wake ni adui, na sheria ambayo hata mtoto anaijua ni kwamba akta hafi.

Mtafsiri wa Sosiot alikuwa Momanyi wetu. Hilo ulilisikia, na lilikukera: mtoto wa mwalimu anapiga kelele kwenye sinema. Mimi nami sikuwahi kuingia mle. Unajua ulivyotulea, sisi wa Sabato na sinema ni maji na mafuta. Jumapili yeye akienda kibandani, mimi nilikuwa nikifua. Akirudi sauti ilikuwa imemkauka, namchemshia maji ya tangawizi, na tunaongea mambo mengine. Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka kile kifua kilipomlaza.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye kituo cha majani tukingoja lori. Kila mtu anatandaza majani yake juu ya meza, anatoa yale magumu ambayo karani atayakataa, kisha kazi inayobaki ni kungoja. Siku hiyo lori lilikuwa limekwama kwenye matope huko chini. Watu wa hapa wakingoja lori hawabishani siasa tena, wamechoka. Wanabishania picha: ni ipi iliyo nzuri kushinda zote tangu dunia ianze.

"Ni ile ya askari kipofu," akasema Kiprono. Kiprono ni wa boda boda, ndiye anayebeba magunia ya wenye mashamba ya mbali, na sijawahi kumwona akiwa na shaka juu ya kitu chochote. "Hakuna picha ingine inafikia hiyo. Mtu haoni na bado anapiga watu wote."

"Hiyo ni ya watoto," akasema Mama Chebet bila kuinua macho. Huyu mama, akitoka kanisani Jumapili, alikuwa anapitia kibandani moja kwa moja na Biblia yake kwapani. "Picha ni ile ya Mto. Mimi nililia hiyo picha mpaka nikasahau kukamua ng'ombe."

Kiprono akakuna kichwa. "Ya Mto iko juu, sawa. Hiyo siwezi bishana. Vile anafika kwao, halafu Nyaboke anatoka na leso ya buluu."

"Ya kijani."

"Buluu, Mama Chebet. Niliona na macho yangu."

"Ilikuwa ya kijani. Na alikuwa ameshika uteo, alikuwa anapepeta wimbi."

Niliposikia jina lako niliinua kichwa. Kisha nikajiambia akina Nyaboke ni wengi, na Momanyi alikuwa akitoa majina popote, nikarudi kwenye majani yangu.

"Uteo gani?" Kiprono akasema. "Angeshika uteo na mkono gani? Hiyo geti si imezama kwa matope? Lazima ainue kwanza, halafu avute."

Akainuka kutoka kwenye gunia alilokuwa amekalia, akaonyesha. Akainama kidogo, akaingiza mkono wa kulia chini ya ubao, akaegemeza nyonga, akainua. Kisha kwa kidole gumba cha kushoto akatoa kitanzi cha raba ya baiskeli pale juu, akavuta kuelekea upande wake.

Mama, niliyaacha majani yangu pale mezani. Kiprono hajawahi kuvuka Sondu kuja upande wetu. Kwetu hapajui, na wewe hakujui. Lakini geti lile lilikuwa letu, na mwinamo ule ulikuwa wako, hata nyonga ilikuwa yako.

Nikamuuliza, "Hiyo geti uliiona wapi?"

"Si ni kwa hiyo picha," akasema. "Ndugu yako alituonyesha. Kwani wewe hukuwa unakuja?"

Ugomvi wa leso haukuisha hata lori lilipofika. Karani alikuwa anapima huku naye akitia neno, yeye alisema leso ilikuwa nyekundu, wote wakamgeukia. Ikaamuliwa kwamba Jumapili twende kwa Baba Wairimu aiweke ile picha tuone. Kiprono akaapa kwamba leso ikiwa ya kijani ataivaa yeye mwenyewe siku nzima akiendesha pikipiki.

Nilikwenda, mama. Usikasirike. Nilimwomba Mungu aangalie kando kidogo, nikaingia nikakaa benchi la nyuma. Kibanda ni kidogo, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani ni giza hata mchana. Maiki ya Momanyi ilikuwa kwenye msumari, imefungwa kitambaa. Tangu afe hakuna aliyeishika, siku hizi Baba Wairimu anaonyesha mpira tu.

Baba Wairimu hakutaka. "Hiyo picha wachaneni nayo," alisema. "Niwawekee mpira."

"Weka Mto," watu wakasema.

Akaniangalia pale nyuma. "Sawa," akasema. "Lakini msiniulize kitu."

Picha ilianza. Ni ya watu wa Asia, sikujua ni nchi gani. Kijana anachukuliwa kwao na askari, anapelekwa mbali kujenga reli, anatoroka, anatembea kurudi kwao. Anapita milimani kwenye barafu, anakula mizizi, anafukuzwa na mbwa. Maneno yao hatukuyaelewa hata moja. Kiprono alijaribu kutafsiri kidogo kutoka pale alipokaa, "sasa hapa anamwambia...", kisha akanyamaza, kwa sababu sauti yake yenyewe ilionyesha kwamba mwenye kazi hayupo. Nilimkumbuka Momanyi akiwa mdogo akituhadithia jikoni mpaka ugali unaungua na wewe unamfukuza na mwiko.

Mwishowe akta anafika kwenye mto mkubwa uliofurika. Ng'ambo ya pili moshi unaonekana, ni kwao. Anavua viatu, anaingia majini. Maji yanamfika kifuani, yanamfika shingoni, kisha kofia yake inaelea peke yake. Halafu majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Watu walingoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Endelea basi," akasema Mama Chebet.

"Imeisha," akasema Baba Wairimu.

"Na geti?" Kiprono akasimama. "Akta hafi. Wapi geti?"

Baba Wairimu akazima televisheni akakaa kwenye kreti. "Hakuna geti. Hii kitu inaishanga hapo kwa mto. Siku ya kwanza stima ilipotea kweli, mnakumbuka ile mvua ya mawe? Akta alikuwa ameingia tu kwa maji. Mkaanza kupiga kelele. Momanyi akawaambia mkae chini, picha yote iko kwa kichwa yake, akawamalizia kwa giza, akiwaeleza mpaka nyonga inaegemea wapi. Mkalia kama watoto. Wiki ingine mkaitisha tena. Akanishika kando, akaniambia, Baba Wairimu, ikifika kwa mto, zima. Na hapa stima kupotea mvua ikinyesha ni kawaida, nani angeuliza?"

"Kwa hivyo hiyo leso..." Mama Chebet akaanza.

"Hakuna leso, mama. Hata mama hakuna. Kwa hii picha huyu mtu hana mama kabisa."

Mama, hebu fikiria. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wamegombana wiki nzima juu ya rangi ya leso ambayo hakuna jicho lililoiona. Waliisikia gizani, kila mtu akaivika rangi yake. Hakuna aliyecheka. Kiprono alikaa chini akatazama kile kioo kilichozimwa.

"Mimi nilimuuliza," Baba Wairimu akaendelea, sasa akinitazama mimi. "Nikamwambia, si uwaonyeshe tu vile inaisha? Akasema hawa watu wengi hawajarudi kwao miaka mingi. Hawezi kuwaacha hapo kwa mto."

Hapo ndipo nilipozungumza. Nikawaambia, "Nyaboke ni mama yetu. Si mtu wa kutungwa. Yuko kwetu, ni mzima, na geti ndiyo hiyo hiyo Kiprono alionyesha."

Mama Chebet akajishika mdomo. Watu waliokuwa mbele wakageuka wote kunitazama, kama vile wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa umeketi kwenye lile benchi.

Nikauliza, "Nyaboke alisema nini? Akishafungua, alikuwa anasema nini?"

Kwanza walitazamana. Halafu Mama Chebet akasema, "Akta anasimama nje. Hana kitu. Anaita, mama. Anasema, mama, uliniambia mkono mtupu haulambwi, na mimi nimekuja na mikono mitupu."

"Nyaboke hajibu haraka," akasema Kiprono. "Anainua geti kwanza. Anavuta. Anafungua yote, si nusu."

"Hapo sasa ndio anasema," akasema Mama Chebet, na wengine wakaungana naye, na Baba Wairimu pale kwenye kreti, na watu ambao hata majina yao siyajui, wote kwa pamoja na neno kwa neno, hawakubishana hata kidogo:

"Haulambwi, lakini unanawishwa. Njoo unawe, ugali unapoa."

Nimesimamisha kalamu hapa nikatoka nje kidogo. Sasa nimerudi.

Mama, neno la kwanza ni lako, ulilisema wewe, na mimi nilikuwepo. Hili la pili alikuwekea yeye kinywani. Uliniuliza kama alikufa akiwa na hasira na wewe. Pale gizani alikuwa na uwezo wa kukufanya chochote. Hakuna ambaye angejua. Angeweza kukusimamisha ndani ya geti ukiwa umekunja mikono, na watu wa Sosiot wangekuchukia maisha yao yote. Angeweza kukuacha nje ya hadithi kabisa, kama picha yenyewe ilivyofanya. Badala yake alikufanya ufungue. Kila walipoitisha ile picha, alikufanya ufungue tena, na ukamwekea maji ya kunawa.

Hilo ndilo jibu langu, na ningependa kuliishia hapo. Lakini kuna kitu kinachoniuma na siwezi kukificha. Ikiwa alijua utafungua, mbona hakuja? Basi la asubuhi lingemfikisha kabla ya chakula cha mchana. Pengine hakujua, alikuwa anatamani tu. Pengine alikuwa anafanya mazoezi. Mama, hilo silijui, na sitakudanganya ili ulale. Najua tu kwamba ndugu yangu alikuwa chumba kimoja na mimi, nikimchemshia tangawizi, na mahali alipokuwa akienda nyumbani kila Jumapili mimi sikuwa naingia. Nimelia kwa ajili yake, na nimelia kwa ajili yako. Ile hasira yangu bado iko kidogo, lakini yake haikuwepo. Ilikuwa yangu peke yangu, na ninaiweka chini.

Tangu siku ile mabishano kwenye kituo cha majani yamepoa. Kiprono anashikilia kwamba Baba Wairimu alinunua nakala mbovu, na kwamba ile ya kweli ina geti. Wameniomba niitafsiri mimi, kwa kuwa ni damu yake. Baba Wairimu aliifungua ile maiki akaniwekea mkononi. Nilisimama nayo hapo mbele, nikaona zile nyuso zinangoja, na hakuna kilichotoka. Nikairudisha kwenye msumari. Mama Chebet akasema basi, ile picha tulimzika nayo.

Nisalimie Moraa, umwambie dada yake anamshukuru kwa kukulazimisha uji, na aendelee kukulazimisha. Nisalimie mjomba wa kinu cha kusaga, ambaye alisimama nami kaburini na hakuniambia ninyamaze. Nisalimie shangazi anayekuletea maziwa, na wale vijana wa jirani waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Huku Baba Wairimu anakupa pole kwa mara nyingine. Mama Chebet na Kiprono wanakusalimu kama watu wanaokujua, na wanataka kusikia kutoka kwako leso ilikuwa ya rangi gani. Nimekataa kuwaambia kwamba huna leso, una lile koti la marehemu baba.

Jambo la mwisho. Moraa aliniambia fundi amekuja kupima ili aweke geti la chuma, na lile la zamani bado limelala kwenye nyasi tangu lilipong'olewa. Mama, mwambie fundi arudi kwake. Lile la mbao lirudishwe mahali pake, na raba yake ile ile, na lizame kwenye matope kama kawaida. Majani yakipungua nitakuja. Sina kitu cha kuleta. Nitasimama pale nje na sitaliinua mwenyewe, hata mvua ikinyesha. Nitakungoja wewe utoke, uinue kwanza, halafu uvute.

Ni mimi mtoto wako, mwenye mikono mitupu,

Kerubo